Wachambuzi wetu wa kandanda wanachambua nini?

Kitenzi 'chambua' kilikuwa cha jikoni na shambani kabla hakijawa cha studioni. Anayeandaa kunde au mchicha huchambua: jani zuri huku, bua gumu na jani lililotobolewa na wadudu kule. Pamba huchambuliwa. Kule Pemba na Unguja, karafuu huchambuliwa zitengane na vikonyo vyake. Katika kazi zote hizo kuna mambo mawili yasiyokosekana: mkono unaotenganisha, na jicho linalojua kipi ni kipi. Aliyemwaga mboga zote sufuriani bila kuzitenganisha hajachambua chochote, hata apige kelele kiasi gani jikoni.

Walimu wa fasihi waliliazima neno hili zamani. Mwanafunzi anayejiandaa kwa karatasi ya tatu ya Kiswahili katika mtihani wa KCSE anafahamu fika kwamba akiulizwa kuhusu dhamira au mbinu za mwandishi, kisha ajibu kwa kuisimulia hadithi tangu mwanzo hadi mwisho, mwalimu wake hatamwonea huruma. Atamwandikia pambizoni kwamba amesimulia tu, hajachambua.

Runinga nayo ikaliazima. Siku hizi vituo vinavyoonyesha kandanda kwa Kiswahili huwa na mtu anayetambulishwa kama mchambuzi. Huvaa suti, huketi kwenye meza inayong'aa, na jina lake huandikwa chini ya kioo. Swali langu wiki hii ni jepesi kuuliza: anachambua nini?

Nieleweke. Sikuja kuhesabu makosa ya ngeli. Wapo wenzangu wanaoifanya kazi hiyo vizuri, na ni kazi yenye manufaa. Mtangazaji anayesema 'mpira imetoka' huku jasho linamtoka na bao liko njiani, mimi humsamehe. Wala sina ugomvi na krosi, kona, penalti, refa na kipa. Maneno hayo yalishapewa uraia katika Kiswahili na sasa yana wajukuu. Malalamiko yangu ni mengine, na nadhani ni mazito zaidi: utangazaji wetu wa kandanda kwenye runinga kwa Kiswahili una sauti nyingi na fikra chache, na anayelipia upungufu huo si mtangazaji. Ni lugha yenyewe.

Kazi tatu katika chungu kimoja

Kiswahili kimetupa vitenzi vitatu ambavyo tumevitia katika chungu kimoja. Kutangaza ni kueneza habari: timu zipi zinacheza, nani ameumia, dakika ngapi zimesalia. Kusimulia ni kumwonyesha asiyeona. Kuchambua ni kumwonyesha anayeona kile ambacho jicho lake limekipita.

Kusimulia mpira ni sanaa iliyozaliwa na redio. Tarehe 22 Januari 1927, BBC ilipotangaza mechi ya Arsenal na Sheffield United kutoka uwanja wa Highbury jijini London, jarida la Radio Times lilikuwa limewachapishia wasikilizaji mchoro wa uwanja uliogawanywa katika miraba yenye nambari. Sauti moja ilisimulia mchezo, sauti ya pili ikataja nambari ya mraba ambamo mpira umefika. Msikilizaji aliketi nyumbani na mchoro wake, akaufuata mpira kwa kidole. Yaani tangu siku hizo za mwanzo, waliojua kazi yao walijiuliza: huyu anayenisikiliza amekosa nini, nami nimpe nini?

Hapa kwetu sanaa hiyo ilipata mabingwa wake. Marehemu Leonard Mambo Mbotela, aliyetuaga Februari 2025, alikuwa mmoja wa sauti zilizokilea kizazi kizima cha mashabiki kupitia redio ya taifa. Msikilizaji wa Voi au Kakamega, redio ya betri ikiwa sikioni, hakuuona uwanja kwa macho. Aliuona kwa maneno. Kasi ya msimulizi ndiyo iliyokuwa kasi ya mpira. Sauti ikipanda, alijua mpira umeingia kwenye kisanduku. Gor Mahia walipolitwaa Kombe la Washindi barani Afrika mwaka 1987, Wakenya wengi waliushangilia ushindi walioupata kwa njia ya sikio. Redioni, mtu akinyamaza sekunde tano, msikilizaji anadhani betri zimeisha.

Sasa tazama kilichotokea runinga ilipoingia. Tuliichukua kazi ya redio tukaibandika juu ya picha. Mtangazaji anatuambia, 'Mpira uko kwake namba saba, namba saba anampa namba kumi, namba kumi anarudisha nyuma.' Jamani, si tunaona! Kioo kiko mbele yetu na kimekaribia upana wa meza. Tunachotaka kujua ni kwa nini namba kumi amerudisha nyuma. Je, njia ya mbele imezibwa? Nani ameiziba? Au ni yeye aliyeogopa pasi iliyokuwa wazi?

Hata kunyamaza kuna nafasi yake. Mashabiki wa Kasarani wakiimba, mtangazaji wa runinga anaweza kuwaachia nafasi tuwasikie. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Watangazaji wetu wanakiogopa kimya kana kwamba watakatwa mshahara kwa kila sekunde waliyofunga mdomo.

Kuotea na kuwa mahali pa kuotea

Nitatoa mfano mmoja wa kisarufi ili isionekane nalaumu kwa jumla tu. Neno 'kuotea' ni mojawapo ya tafsiri bora kabisa katika msamiati wa michezo. Katika Kiswahili cha kawaida, kuotea ni kuvizia: mwindaji humwotea mnyama kwenye njia anayopitia kwenda kunywa maji. Mshambulizi aliyejibanza nyuma ya mabeki akingoja mpira umfuate ni mwindaji yule yule. Aliyeliteua neno hili alikuwa na jicho.

Lakini Sheria ya 11 ya kandanda ina jambo ambalo mashabiki wengi hawajaelezwa. Kuwa mahali pa kuotea si kosa. Kosa huja pale mchezaji aliye mahali hapo anapojihusisha na mchezo: kuucheza mpira aliopasiwa na mwenzake, kumzuia mpinzani asiuone au asiufikie, au kufaidika na nafasi hiyo mpira unapogonga mwamba au kutemwa na kipa. Isitoshe, mtu haotei mpira ukitoka moja kwa moja kwenye kona, kwenye mrusho wa pembeni, au unapoanzishwa golini.

Kiswahili kinaweza kuzibeba hali hizi mbili bila kutoa jasho. 'Yuko mahali pa kuotea' ni hali. 'Ameotea' ni kosa lililotimia. Tofauti hiyo imebebwa na sarufi yetu wenyewe, kati ya kuwa na kutenda. Lakini mtangazaji anapomwona tu mchezaji nyuma ya beki wa mwisho hupaaza sauti: 'Ameotea! Ameotea!' Kibendera kiko chini. Bao linakubaliwa. Mtangazaji anashangaa, mchambuzi anatikisa kichwa, na shabiki aliye kwenye ukumbi wa video kule mtaani anatoka akiapa kwamba refa amekula hongo. Hakuna aliyekula chochote. Ni kauli mbili zilizofanywa moja.

Hali ni hiyo hiyo kwa 'dakika za majeruhi'. Jina hilo linamfanya mtazamaji ajiulize nani ameumia hadi dakika nane ziongezwe. Refa huongeza muda pia kwa sababu ya mabadiliko ya wachezaji, kadi, kupoteza muda kimakusudi, shangwe za mabao na ukaguzi wa video. Dakika moja ya mchambuzi kueleza hayo ingezuia matusi mengi.

Kipindi kimoja, watu kumi

Nije nyumbani kabisa. Agosti 10, 2025, katika mashindano ya CHAN ambayo Kenya iliandaa pamoja na Tanzania na Uganda, Harambee Stars walikutana na Morocco ugani Kasarani. Ryan Ogam akafunga kabla ya mapumziko. Muda mfupi baadaye, Chrispine Erambo akaonyeshwa kadi nyekundu. Kenya ikacheza kipindi kizima cha pili na watu kumi dhidi ya timu ambayo ilikuja kulinyanyua kombe hilo mwishoni mwa mwezi. Mechi ikaisha 1-0.

Kwa mchambuzi, hiyo ni zawadi. Ni kama mwalimu wa fasihi kukabidhiwa shairi lenye tamathali katika kila mshororo. Kocha Benni McCarthy alimtoa nani akamwingiza nani? Ile nafasi ya mtu wa kumi na moja iliachwa wapi: mbele, au pembeni? Viungo walisogea karibu na mabeki kwa umbali gani? Morocco walisukumwa wapitie pembeni au waliachiwa katikati? Nani alimsaidia beki wa upande uliopungukiwa, na alipochoka nani alimpokea? Timu haiokolewi kwa dakika arobaini na tano na maombi peke yake. Kuna watu walifikiri, na kuna watu walitekeleza walichofikiriwa.

Nilichokisikia mimi usiku ule, nikihama kituo hadi kituo, kilikuwa hiki: vijana wamepigana, vijana wameonyesha moyo, vijana wana roho ya simba, vijana wamemwaga jasho kwa ajili ya bendera. Yote ni kweli, na yote hayaelezi kitu. Moyo ulikuwepo pia katika mechi tulizopoteza miaka iliyotangulia. Kama moyo ndio sababu, mbona siku nyingine haukutosha?

Siku kumi na mbili baadaye, katika robo fainali, tulitoka sare ya 1-1 na Madagascar tukatolewa kwa penalti 4-3. Neno la usiku huo likawa 'bahati'. Bahati haikuwa yetu. Mikwaju ya penalti ni bahati nasibu. Katika Kiswahili cha studio, 'bahati' ni kifuniko cha sufuria: kikishawekwa, hakuna anayeuliza kilichomo. Lakini nani alipiga wa kwanza na kwa nini? Kipa wa upande wa pili aliruka mapema au alisubiri? Wapigaji wetu walitazama mpira au walimtazama kipa? Mikanda ipo, inarudiwa, inasimamishwa. Ni nani aliyetuonyesha?

Kiambishi 'tu-' na mipaka yake

Kuna kiambishi kimoja kidogo kinachofichua mengi. Timu ya taifa inapocheza, wachambuzi wetu huacha nafsi ya tatu na kuhamia nafsi ya kwanza wingi: 'tunashambulia', 'tumenyimwa penalti', 'tunahitaji bao'. Mimi mwenyewe nimetumia 'tulitoka' na 'tukatolewa' hapo juu. Mzalendo ni mzalendo, na kandanda ina haki yake ya kutuunganisha.

Lakini mganga hajigangi. Aliyejitia ndani ya 'tu-' hawezi kusema kwa urahisi kwamba beki wetu wa kushoto amelala, kwamba kocha amechelewa kubadilisha, kwamba penalti tuliyopewa haikustahili. Tena tega sikio uone hiki kiambishi kinavyohama. Wakishinda, 'tumeshinda'. Wakishindwa, 'wametuangusha'. Sisi tumo kwenye furaha. Wao wako peke yao kwenye lawama. Mchezaji wa miaka ishirini na miwili aliyekosa penalti anakwenda kulala akijua kwamba taifa zima limemhamisha kutoka 'sisi' hadi 'wao' kwa usiku mmoja. Mchambuzi anayebaki kwenye nafsi ya tatu tangu dakika ya kwanza si msaliti. Huenda ndiye mwenye huruma zaidi, maana yeye atasema kosa lilivyotokea badala ya kusema limetokana na nani.

Misuli bila akili

Mwaka 2020, kampuni ya RunRepeat ya Denmark ikishirikiana na chama cha wachezaji wa kulipwa wa Uingereza, PFA, ilichunguza lugha ya watangazaji katika mechi 80 za ligi kuu za Ulaya. Kauli 2,073 zilihesabiwa. Zaidi ya asilimia 60 ya sifa za akili zilimwagiwa wachezaji wenye ngozi nyeupe. Wenye ngozi nyeusi walikuwa na uwezekano wa zaidi ya mara sita wa kutajwa kwa nguvu za mwili. Mmoja anasifiwa kwa kuusoma mchezo, mwingine kwa misuli.

Tuliposikia hayo tulikasirika, na tulistahili kukasirika. Lakini hebu tujisikilize na sisi. Mchezaji wetu akifanya vizuri tunamwita faru, simba, trekta, chuma cha pua. Ana mbio, ana nguvu, ana mapafu. Ni mara ngapi umemsikia mchambuzi wa Kiswahili akisema kwamba kiungo wa Gor Mahia au AFC Leopards ameusoma mchezo, ameiona pasi kabla ya mwenzake kuanza kukimbia, amemhadaa beki kwa kugeuza bega tu? Katika Debi ya Mashemeji yenyewe, tunahesabu waliogongana na kuwasahau waliofikiri.

Hakuna Mzungu aliyetuwekea maneno hayo mdomoni. Tunawasimulia vijana wetu kama watu wa misuli kwa sababu misuli inaonekana bila kutafutwa. Akili uwanjani inahitaji kuchambuliwa ndipo ionekane. Kwa hivyo asiyechambua humnyima mchezaji nusu ya heshima yake bila hata kukusudia.

Mapambo yana mahali pake

Kuna watakaosema kwamba Kiswahili cha kandanda ni kitamu kwa sababu ya mapambo yake, nami nataka kuwaondolea watu utamu. Sivyo. Nayapenda mapambo hayo. Tunaposema mpira umetiwa kimiani, tunamkumbuka mvuvi, kwa maana kimia ni wavu wa kuvulia samaki. Watanzania wanapouita mwamba wa juu wa goli 'mtambaa panya', wametupeleka moja kwa moja kwenye ule mti wa nyumba ambao panya hupita juu yake usiku. 'Bao la kufutia machozi' linafanya kazi ya sentensi tatu. 'Dakika za lala salama' zina ucheshi wa mtu anayeaga akijua mwenzake hatapata usingizi.

Shida huanza pambo linapochukua nafasi ya maelezo. Katika sentensi moja utasikia kandanda, kabumbu, soka na gozi la ng'ombe, zote zikiwa kitu kile kile, na sentensi ikiisha hujajua kilichotokea. Hilo gozi lenyewe, kwa taarifa yako, halina ng'ombe tena: tangu Kombe la Dunia la 1986, mipira ya mashindano hayo hutengenezwa kwa nyenzo za viwandani, si kwa ngozi. Pambo ni chumvi. Hakuna anayeshiba kwa kula chumvi.

Wala asije mtu akaniambia kwamba Kiswahili hakina maneno ya kuchambulia mbinu. Wenzetu wa Tanzania, ambao Ligi Kuu yao huonyeshwa na Azam TV kwa Kiswahili, wana kiungo mkabaji na kiungo mchezeshaji, wana shambulizi la kushtukiza, wana kukabia juu. Maneno hayo yanaeleweka Mombasa na Kisumu bila kamusi. Nao wana makelele yao, lakini angalau vifaa vya kazi wamevinoa.

Tujaribu pamoja. Bao limefungwa kwa kichwa kutoka kwenye kona. Mchambuzi wa kwanza anasema: 'Ni bao zuri sana. Ameruka juu, amepiga kichwa, kipa hana la kufanya.' Sasa msikilize wa pili: 'Rudisha picha nyuma, mpira ukiwa bado kwenye kona. Mtazame huyu beki. Macho yake yako kwenye mpira na mtu wake yuko mgongoni, hamwoni. Mshambulizi mwingine anasimama mbele ya beki, hafanyi lolote ila kumzibia njia. Beki akigeuka, mtu wake ameshampita hatua mbili. Hili si bao la kuruka. Limepangwa mazoezini.'

Kuna neno gani gumu hapo? Hakuna hata istilahi moja iliyohitaji kamati. Ni Kiswahili cha sokoni, ila kina jicho. Mtoto wa darasa la sita akiyasikia maneno hayo, mechi ijayo ataitazama kona kwa namna nyingine, na huenda akiwa kwenye uwanja wa shule atamkumbuka yule wa mgongoni.

Kutabiri si kuchambua

Sitaki kuwabebesha wachambuzi mzigo wote. Wengi wao walicheza kandanda wenyewe, na wanayajua mambo kuliko mimi. Shida mara nyingi ni swali wanaloulizwa. 'Unaionaje mechi?' Mtu atajibu nini zaidi ya 'ni mechi ngumu'? 'Unahisi vipi baada ya matokeo haya?' Atasema anahisi vizuri, au anahisi vibaya. Dakika tatu za mapumziko zimeisha, tangazo linaingia.

Kisha linakuja swali linalopendwa kuliko yote: 'Utabiri wako?' Mbili kwa moja. Moja kwa nunge. Hapa tumetoka kwenye uchambuzi tukaingia kwenye ramli, na ramli hii ina wateja. Kamari ya michezo imepenya hadi mashinani. Aprili 2025, serikali ililazimika kusimamisha matangazo yake kwa siku 30. Kijana anayesikia utabiri wa mtu aliyevaa suti, kisha akatazama tangazo la kamari papo hapo, hawezi kulaumiwa akidhani ameshauriwa na mtaalamu. Karo ya mtu imeshawahi kwenda hivyo. Mchambuzi wa kweli angemwambia kijana huyo kinyume: kwamba anayezijua timu vizuri ndiye anayejua ni mambo mangapi yasiyotabirika.

Kwa nini nijali?

Kuna atakayeniuliza: Mwalimu, huu ni mpira tu, kwa nini unatokwa na povu?

Kwa sababu ya nyumba mbili. Katika nyumba ya kwanza, mtoto anatazama mechi kwa Kiingereza. Anasikia mistari ya ulinzi ikielezwa, nafasi zikipimwa, makosa yakifuatwa hadi chanzo chake. Si kwamba watangazaji wote wa Kiingereza ni hodari. Nao wana porojo zao. Lakini wapo wanaochambua, na mtoto anawasikia. Katika nyumba ya pili, mtoto anatazama mechi ile ile kwa Kiswahili, na anapata sauti, sifa na shangwe. Hakuna aliyewaambia watoto hawa lolote kuhusu lugha. Lakini wote wawili wanajifunza somo moja: Kiingereza ni lugha ya kufikiri, Kiswahili ni lugha ya kupigia kelele.

Somo hilo wanalibeba hadi shuleni na vyuoni. Kila mwaka Julai 7 tunaadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani na kusoma hotuba kuhusu Kiswahili kuwa lugha ya sayansi na maarifa. Hotuba husikilizwa na mia mbili ukumbini. Mechi ya Harambee Stars hutazamwa na mamilioni. Ikiwa tunataka kuonyesha kwamba Kiswahili kinaweza kueleza sababu na matokeo, hakuna jukwaa kubwa kuliko lile tunalolipoteza kila wikendi.

Na muda hautusubiri. Septemba 2023, Kenya, Tanzania na Uganda zilipewa uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Lugha inayoziunganisha nchi hizi tatu inajulikana. Itakuwa aibu wageni waje nyumbani kwetu, mchezo uchezwe katika viwanja vyetu, kisha anayetaka kuuelewa alazimike kubadilisha lugha kwenye rimoti.

Hayahitajiki mamilioni ya pesa. Vituo viwape wachambuzi mikanda ya mechi na saa mbili za kuitazama kabla ya kuingia studio. Waelekezi wa vipindi waache 'unaionaje' waanze na 'kwa nini' na 'vipi'. Idara za Kiswahili za vyuo vikuu vyetu ziketi na makocha, si kubuni maneno mapya, bali kuyakusanya yale ambayo makocha wa mitaani wanayatumia kila jioni wakiwafundisha watoto. Nawe shabiki, usikubali kulishwa mboga isiyochambuliwa. Mashabiki ninaowasikia kwenye vibanda vya video hubishana kuhusu nani amemwacha nani huru, nani angeingia dakika ya ngapi, mfumo gani umeshindwa. Wanafanya hivyo kwa Kiswahili, wakichovya Sheng hapa na pale, na wanaelewana kabisa. Uchambuzi upo. Bado haujaalikwa studioni.

Tuliyoyaona kwa macho tumeyaona. Mchambuzi atwambie tuliyoyatazama tusiyaone.